Mwalimu hakuwa rais siku ya Uhuru

Kila Desemba, kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo na ndani ya daladala za Mbagala, utasikia kwamba Nyerere alianza urais tarehe 9 Desemba 1961. Sivyo. Usiku ule, bendera ya Uingereza iliposhushwa Uwanja wa Taifa, Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alibaki Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Januari 1962 Mwalimu akajiuzulu ili akakijenge chama chake, TANU. Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Jamhuri ilizaliwa 9 Desemba 1962, na hapo ndipo Mwalimu akawa rais.

Kinachosahaulika zaidi, na kwangu ndicho kizito, ni uchaguzi wa rais wa Novemba 1962. Mpinzani wa Mwalimu, Zuberi Mtemvu, alikuwa ameihama TANU mwaka 1958 na kuanzisha chama kilichodai kuwa Tanganyika ni ya Waafrika tu. Mwalimu alishalijibu hilo bungeni Oktoba 1961. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Akawaambia wazi kwamba serikali ingejiuzulu kuliko kukubali ubaguzi wa rangi. Muswada wa uraia ukapita, wiki chache kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa.