Kubeba ndoo si kucheza rede

Mwambie mzazi wa Mbeya kwamba mtoto wake wa miaka 12 anahitaji mazoezi, atakucheka. "Daktari, huyu anashuka Iganzo kwa miguu kila asubuhi, jioni anapanda tena. Akifika, ndoo ya maji inamsubiri. Jumamosi tuko naye shambani tunachimba viazi. Mazoezi gani tena?" Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila hoja yake naielewa, na nusu yake ni kweli tupu.

Kwa upande wa mwili, mlima unafanya kazi yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoamsha mapigo ya moyo, na angalau siku 3 kwa wiki ziwepo zinazokaza misuli na mifupa. Mtoto anayepanda na begi mgongoni, kwenye mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hana haja ya saa ya kuhesabia. Wa kuulizwa ni yule anayeshushwa na bajaji getini. Na mifupa haisubiri: katika miaka miwili hivi ya kurefuka kwa kasi, wasichana karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, mtoto hujiwekea takriban robo ya madini ya mifupa atakayokuwa nayo ukubwani.

Sasa nusu ya pili, ile ya akili kutulia. Tafiti zilizotenganisha aina za shughuli zimekuta kwamba michezo ya hiari huambatana na hali nzuri ya akili, ilhali kazi za nyumbani hazionyeshi uhusiano huo. Jasho ni lilelile. Watu hupenda kutaja kemikali za ubongo zinazoleta furaha, nazo zipo, lakini mimi naona zinapewa sifa kupita kiasi. Tazama rede. Msichana yuko katikati, anajaza mchanga kwenye chupa kwa viganja, huku mpira wa soksi na matambara unamjia mbele na nyuma. Anainama, anaruka, anarudi kwenye chupa. Wenzake wanapiga kelele, wengine wanamtakia akoswe, wengine apigwe. Hapo amechagua mwenyewe kuingia, anajiona anaweza, na yuko na rafiki zake. Ndoo haimpi hata kimoja kati ya hivyo, labda kisimani wakikutana. Usiku naye hulala vizuri, na usingizi mzuri katika umri ule husaidia sana kupunguza hasira na huzuni za mchana.

Nisitie chumvi: mshale huu unaelekea pande mbili. Mtoto aliyechangamka ndiye anayetoka kucheza, na mwenye huzuni hujifungia. Mazoezi humpa nafuu, hayawi badala ya kumsikiliza.

Kuna jambo linaniudhi shuleni. Aliyechelewa anarushwa kichurachura kuzunguka uwanja, halafu siku ya michezo anaambiwa michezo ni afya. Mtoto ataamini lipi? Mchakamchaka wenye nyimbo nzuri unawachangamsha. Ukiwekewa fimbo nyuma unakuwa adhabu yenye kibwagizo.

Wasichana ndio wanaotoka mapema mchezoni. Kwa takwimu za dunia za mwaka 2016, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia zile dakika 60, wavulana 78. Huku kwetu sababu hazifichiki: sketi, hedhi, jiko linalomsubiri, na uwanja ambao wavulana wameshaukalia na chandimu yao. Bukta chini ya sketi na saa moja bila kutumwa vinatosha kuanzia. Darasa la saba ongeza tuisheni hadi giza linaingia. Hapo hata wavulana wanapotea.

Kingine kinachowatoa mchezoni ni goti. Mtoto anayerefuka akipata uvimbe mgumu wenye maumivu chini kidogo ya pia ya goti, mara nyingi ni kano, ile kamba inayoshikiza msuli wa paja, inavuta mfupa ambao bado unakua. Mpunguzieni kuruka na kukimbia kwa wiki kadhaa, msimfungie ndani, kutembea kunaruhusiwa. Akichechemea, au maumivu yakimwamsha usiku, mleteni aonwe.