Ng'ombe hapiti: dhana potofu kuhusu kuita programu nyingine ndani ya C

Kijana mmoja hapa Moshi aliandika programu, kwa lugha ya C, ya kubana faili za mauzo ya mnadani. Mahindi yalipita, mbuzi walipita. Siku mtumiaji alipoandika ng'ombe.csv, ikagoma.

Dhana yake ilikuwa ile ya wengi: kwamba system("gzip ng'ombe.csv") inaiita gzip, programu ya kubana faili, moja kwa moja. Sivyo. system() huamsha kwanza sheli, yaani /bin/sh (si ile tunayojazia mafuta), kisha sheli ndiyo inayousoma mstari mzima na kuutafsiri ijuavyo. Kwa sheli, ritifaa ya ng'ombe ni nukuu iliyofunguliwa. Ilitafuta ya kufunga, ikaikosa, ikalalamika. Na hapo ana bahati. Mtu angeandika "mahindi.csv; rm *", sheli ingebana mahindi kisha ingefuta faili zilizomo kwenye folda. Wengine hukimbilia kuzungushia jina nukuu zaidi, wakisahau kwamba mtumiaji naye ana nukuu kwenye kibodi yake. Tumia fork() na execvp(): jina la faili linakwenda kama hoja moja, na sheli hailioni kabisa. Jina linaloanza na kistari bado litaichanganya gzip, kwa hiyo tanguliza hoja ya --.

Ukifika hapo unakutana na dhana nyingine, kwamba exec (ukoo wa execvp()) huanzisha mchakato mpya, yaani programu nyingine inayoendeshwa pembeni. Anayezaa mchakato mtoto ni fork(). exec inahamia tu: mchakato ni ule ule, PID (namba ya mchakato) ile ile, ila programu iliyokuwa ndani imetolewa na nyingine imeingia. Ndiyo maana printf("tayari") iliyo chini ya execvp() haichapi kitu. Ikichapa, ujue exec imeshindwa. Weka pale perror(), inayotaja kosa, na _exit(127), inayomtoa mtoto palepale, la sivyo mtoto ataendelea na msimbo wa mzazi wake, na kila kazi itafanyika mara mbili. Mimi nilitoa risiti mbili mbili siku nzima, nikailaumu printa.

Kuhusu namba ambayo programu huacha ikitoka: kwenye Linux, system() ikirudisha 256, programu haikutoka na 256. Ilitoka na 1. Ipitishe kwenye WEXITSTATUS uone.

Halafu kuna misukule, yaani michakato iliyokufa ila bado imo kwenye orodha. Mtu akiona neno defunct kwenye ps (amri ya kuorodhesha michakato) anakimbilia kill -9 (amri ya kuiua), akidhani ataiondoa. Aliyekwisha kufa unamuuaje? Mtoto alishamaliza kazi, kumbukumbu yake imesharudishwa. Kilichobaki ni nafasi moja kwenye jedwali la kerneli (moyo wa mfumo endeshi), inayotunza hali aliyotoka nayo mpaka mzazi aje kuichukua kwa waitpid(). Mzazi asipokuja, msukule unabaki. Mzazi naye akifa, kwa kawaida mchakato namba 1 ndio unaorithi msiba na kuzika.