“Too” si “very” iliyoongezewa nguvu: dhana potofu kuhusu vielezi vya kiasi katika Kiingereza

Kwa Kiswahili, “sana” inatutosha karibu kila mahali: baada ya kivumishi, baada ya kitenzi, hata baada ya kielezi kingine. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na kila neno lina mipaka yake. Mwanafunzi wa ngazi ya kati hujikwaa hapo.

Dhana: “Too” ni “very” yenye nguvu zaidi.

Hapana. “The tea is very hot” ni chai ya moto sana. Unaweza kuipuliza ukanywa. “The tea is too hot” inabeba hukumu: moto umepita kiasi, chai hainyweki sasa. Neno letu la karibu ni “mno”, ingawa mazungumzoni tunalichanganya na “sana”. Ndiyo maana anayeandika “I am too interested in this position” katika barua ya kuomba kazi anamwambia mwajiri kwamba hamu yake imezidi kipimo. Mara nyingi “too” hufuatwa na jambo lisilowezekana: “too young to vote”, yaani umri haujamruhusu kupiga kura. Zipo kauli za adabu zinazokwepa kanuni hii, kama “You are too kind”. Zikariri zilivyo, usizifanye kielelezo cha kutungia nyingine.

Dhana: “Very” hukubali kivumishi chochote.

Vivumishi kama “freezing”, “enormous” na “exhausted” tayari vina ukali ndani yake. “Exhausted” ni aliyechoka hoi, kwa hiyo sema “absolutely exhausted”. “Really” hufaa pande zote mbili, vivumishi vya kawaida na hivi vyenye ukali, nami ningemshauri mwanafunzi aishike hiyo kwanza. Kwenye ulinganisho, acha “very better”; sema “much better” au “far better”.

Dhana: Kielezi hukaa pale ambapo “sana” ingekaa.

“Napenda sana muziki huu” huzaa “I like very much this music”. Kiingereza hakipendi kielezi kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa (hapa “this music”): “I like this music very much”, au “I really like this music”. “Enough” nayo hufuata kivumishi lakini hutangulia nomino: “old enough”, “enough money”.

Dhana: “Hardly” ni “hard” iliyogeuzwa kuwa kielezi.

Hili naliona la hatari kuliko yote, kwa sababu sentensi hubaki sahihi kisarufi huku maana ikipinduka. “She works hard” ni mchapakazi. “She hardly works” ni kama hafanyi kazi kabisa. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini, kosa hilo linaweza kumkosesha nafasi. Na kwa kuwa ukanushi umo ndani ya “hardly”, usiongeze mwingine: ni “I can hardly hear you”, si “I can't hardly hear you”.

Dhana: “Quite” ina kipimo kimoja.

Kwa Waingereza, “quite good” mara nyingi ni nzuri kiasi. Kwa Wamarekani hukaribia nzuri sana. Lakini Mwingereza huyo huyo akisema “quite impossible”, anamaanisha haiwezekani kabisa, kwa kuwa “impossible” haina ngazi. Ukizungumza naye, sikiliza mkazo: akiuweka kwenye “quite”, sifa inapungua, akiuweka kwenye “good”, inapanda.