Kompyuta ya Duka la Dawa Inajua Nini Kukuhusu?

Mimi ni mfamasia, nahudumu Kondele, Kisumu. Tangu tuweke kompyuta kwenye kaunta, kila siku kuna mteja anayeinama kuitazama kisha ananiuliza jambo. Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyo kwenye pakiti, ili uweze kuyalinganisha na yale uliyo nayo nyumbani.

Daktari, mbona unaniuliza natumia dawa gani na mashine iko hapo mbele yako?

Kwa sababu mashine yangu inajua ulichonunua hapa tu. Hospitali ina mfumo wake, kliniki ya binafsi ina wake, na kemisti wa ng'ambo ya barabara bado anatumia daftari. Mara nyingi mifumo hiyo haisalimiani.

Mama mmoja kutoka Ahero aliingia dukani kwangu miguu imevimba hadi viatu havifungiki, akitaka "dawa ya kutoa maji". Nikamwomba kwanza anionyeshe anachomeza. Akafungua fundo la leso: kibahasha cha kaki alichopewa hospitalini, kimeandikwa amlodipine 10 mg (dawa ya presha), moja kila asubuhi, na pakiti yenye jina la biashara, aliyopewa katika kliniki moja siku aliyozidiwa akiwa sokoni. Jina kubwa la pakiti halikuniambia kitu. Chini yake, kwa herufi ndogo kama chawa: losartan 50 mg (nayo ni ya presha), amlodipine 5 mg. Nilipoziingiza zote mbili kwenye kompyuta kwa majina yake halisi, utepe mwekundu ukajitokeza: dawa ileile mara mbili. Alikuwa anameza amlodipine 15 mg kwa siku, ilhali kiwango cha juu cha kawaida ni 10. Na amlodipine huvimbisha miguu, hasa dozi ikipanda.

Sikumwambia aache dawa yoyote kwa neno langu tu. Nilipiga simu kliniki anakohudhuria, wakakubaliana naye abaki na ipi na arudi lini kupimwa presha. Ile dawa ya kutoa maji niliirudisha rafuni. Mashine ilifanya kazi nzuri, lakini bila lile fundo la leso ingekaa kimya.

Kwa hivyo inalinganisha dawa kwa dawa?

Ndiyo, na hapo ndipo faida yake kubwa ilipo, maana kichwa cha mtu hakiwezi kubeba yote saa kumi na moja jioni foleni ikiwa mlangoni. Chukua mfano wa rifampicin ya kifua kikuu: hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na hata ya kijiti cha mkononi. Metronidazole, ile ya amiba, ikikutana na warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kumfanya mgonjwa avuje damu. Dolutegravir, mojawapo ya ARV, yaani dawa za virusi vya ukimwi, ambayo wengi wetu huku Nyanza tunaifahamu, haipatani na dawa za kiungulia zenye magnesium au alumini. Meza dolutegravir masaa mawili kabla yake au masaa sita baadaye. Na kama una kisukari na unatumia metformin, dolutegravir hupandisha kiwango cha metformin mwilini, kwa hivyo anayekutibu lazima ajue unatumia zote mbili.

Ila nitasema ukweli: mashine hizi hupiga kelele kupita kiasi. Zikionya kwa kila kitu, mfamasia huzoea kubonyeza "endelea" bila kusoma, kama tunavyozoea honi za matatu. Mimi ningependa maonyo machache yaliyochujwa vizuri kuliko mia yasiyosomwa.

Madaktari wakiacha kuandika kwa mkono, makosa si yataisha?

Yatabadilika sura. Mwandiko mbaya utatuondokea, na nitashukuru sana. Lakini andika "carb" kwenye kompyuta uone: orodha inakuletea carbamazepine, ambayo ni ya kifafa, na carbimazole, ya tezi ya shingo, zikiwa zimefuatana. Kidole kikiteleza mstari mmoja, umempa mtu dawa ya ugonjwa asio nao. Ndiyo maana nitakuuliza, "Hii umepewa ya nini?" hata kama karatasi imechapwa vizuri. Usinikasirikie.

Ujumbe wa simu wa kukumbusha dawa unasaidia kweli?

Hili lilipimwa hapa hapa kwetu, kituo cha afya cha Chulaimbo, kwa watu wazima 431 waliokuwa wameanza ARV. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Waliotumiwa ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 walifikisha angalau 90 kwa mia ya dozi zao katika wiki 48. Wasiotumiwa chochote walikuwa asilimia 40. Cha ajabu, waliotumiwa kila siku hawakuwapita wasiotumiwa. Mimi sishangai: hata mama mkwe akikupigia kila siku, mwishowe simu unaiacha ilie.

Na haya mambo si ya Nairobi na ng'ambo?

Hapana. Kituo cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka wa 2001. Kazi iliyofanywa huko na Eldoret, kwa ushirikiano na wenzao wa Indiana, Marekani, ilizaa OpenMRS mwaka wa 2004, programu ya bure ya rekodi za wagonjwa ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR, mfumo wa rekodi wa kliniki nyingi za ARV, umejengwa juu yake.

Jirani yangu akija dukani, hataona ninatumia nini?

Hapaswi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Lakini sheria haigeuzi skrini. Ukiona kioo cha kompyuta kinawatazama wateja, au jina lako na dawa yako vinatangazwa kwa sauti, lalamika hapo hapo. Una haki pia ya kuuliza duka limeandika nini juu yako na kutaka kosa lirekebishwe. Mimi mwenyewe nilisogeza kaunta baada ya kijana mmoja kuninong'oneza, "Daktari, hiyo tivii yako inanisema."

Dawa ikinidhuru, naripoti wapi?

Kwanza kwa aliyekupa, upesi. Kisha unaweza kuripoti wewe mwenyewe kwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Si wahudumu wa afya pekee wanaoruhusiwa. Weka pakiti, maana namba ya toleo iliyo pembeni huhitajika.

Stima ikipotea je?

Ikipotea, naandika kwenye daftari lenye nakala, kisha naingiza yote stima ikirudi, hata ikiwa saa tatu usiku. Siku hiyo onyo jekundu halipo, kwa hivyo nitakuomba uniorodheshee dawa zako polepole, ukianza na ya asubuhi. Kama huzikumbuki, mpigie aliye nyumbani akusomee maandishi madogo.