Nishani ya Mwari si kiinua mgongo

Katika Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966 na ambacho wanachama wake huigiza maisha ya Ulaya ya enzi za kati, wengi hudhani kwamba wanaopewa hadhi ya Mwari (yule ndege, pelican) wametunukiwa kiinua mgongo baada ya kuchoka. Sivyo. Hadhi hiyo hutolewa kwa utumishi wa kujitolea, kama vile kusimamia matamasha, hesabu na jikoni, na mwenye nayo huendelea kuwalea wanafunzi na kuwashauri mfalme na malkia wa maigizo hayo, ambao ndio hasa wenye kauli ya mwisho, kuhusu nani anayefuata kustahili hadhi hiyo. Nembo yenyewe, mwari anayejidonoa kifua ili awalishe makinda damu yake, haidokezi mapumziko hata kidogo.