Uhaba wa Maji wa Kiuchumi: Maana Yake

Wataalamu wa maji hutofautisha uhaba wa aina mbili. Uhaba wa kimaumbile hutokea pale ambapo mvua, mito na maji ya ardhini havikidhi mahitaji, hata kama kila mtaa una bomba. Uhaba wa kiuchumi ni pale ambapo maji yapo tele, ila fedha, mitambo na usimamizi wa kuyafikisha kwa watu yakiwa salama ndivyo vinavyopungua.

Aina hii ya pili huonekana wazi jijini Mwanza. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na bado mkazi wa mlimani anaweza kununua maji kwa dumu huku ziwa analiona kutoka mlangoni kwake. Maji ya ziwani hayanyweki yalivyo. Sharti yavutwe, yachujwe, yatiwe dawa, kisha yasukumwe kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo juu ya vilima vya mawe, ambako nyumba nyingi zilitangulia bomba na kuchimba mtaro katikati ya miamba ni kazi ya gharama kubwa. Umeme ukikatika, pampu husimama, presha hushuka, na wa kwanza kukosa ni wa juu. Hapo dumu la lita 20, ambalo likijaa ni mzigo wa kilo 20, hupandishwa kwa miguu juu ya mawe, na mbebaji mara nyingi ni mama au mtoto.

Kipimo kinachotumiwa sana duniani, kilichopendekezwa na Malin Falkenmark wa Sweden, huhesabu kuwa nchi yenye chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mtu kwa mwaka imeelemewa, na chini ya 1,000 ina uhaba. Kwa maoni yangu kipimo hicho humficha mkazi wa mlimani, kwa kuwa wastani wa nchi hausemi nani ana bomba. Hata hivyo kinakumbusha jambo moja: Watanzania walikuwa milioni 12.3 mwaka 1967 na milioni 61.7 mwaka 2022, na mvua haikuongezeka mara tano.

Kwa miaka ijayo, hofu kubwa zaidi ni uchafu. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huingia kwa mvua inayonyesha juu yake na hutoka kwa mvuke. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Mvuke haubebi kinyesi wala mbolea, hivyo kinachoteremshwa na Mto Mirongo kutoka katikati ya jiji hukaa ziwani muda mrefu, kikistawisha mwani na magugu maji. Mwani ukizidi, vichujio huziba upesi na dawa huhitajika nyingi zaidi, na fedha zinazoishia huko ndizo ambazo zingelaza mabomba mapya mlimani.