"Upadre lini?" Bruda siyo padre aliyeishia njiani

Mimi ni bruda, yaani mtawa wa kiume asiye padre, nalea vijana wanaoanza utawa, na hili swali limenichosha. Juzi kijana wetu kaweka nadhiri za kwanza asubuhi, mchana tuko kwenye pilau na ndugu zake, mama yake mdogo akanifuata: "Tumsifu Yesu Kristo bruda. Sasa huyu mtoto wetu upadre ni lini?" Kijana alikuwa amesimama pale pale, skapulari mpya, lile vazi la kitawa la mabegani, bado ina mikunjo ya pasi, nikamwona anainamisha macho kwenye sahani.

Jamani, bruda siyo padre aliyefeli seminari! Hakufukuzwa na wala hayuko kwenye foleni. Upadre ni daraja takatifu, utawa ni wito mwingine, na sheria ya Kanisa kanuni ya 588 inasema kabisa kwamba utawa kwa asili yake siyo wa kikleri (wa wenye daraja) wala wa kilei (wa waamini wasio na daraja). Fransisko wa Assisi hakuwahi kuwa padre. Shirika la Msalaba Mtakatifu lina mapadre wengi tu, lakini mtakatifu wao wa kwanza ni bruda, André Bessette, aliyekaa miaka kama 40 akifungua mlango wa shule kule Montreal na kuwapokea wagonjwa waliomfuata, akatangazwa mtakatifu 2010. Hapa kwetu Tanzania nenda kwenye abasia za Peramiho au Ndanda, uliza zile karakana za useremala na uashi nani alizianzisha, utaambiwa mabruda. Na tangu 2022 Papa Fransisko aliruhusu hata bruda awe mkuu wa shirika lenye mapadre, kwa kibali cha Roma.

Swali hili linaniuma kwa sababu linaharibu miito. Nimeshamlea kijana fundi mzuri sana, ukimpa ubao anaupapasa kwanza kabla hajashika randa, nyumbani wakamsukuma mpaka akaenda kujaribu seminari asiyoitaka, akaacha vyote viwili. Ukikutana na bruda muulize kazi yake na sala zake, basi. Na wewe kijana unayejiuliza, usiniandikie meseji mia, omba ruhusa uje ukae nasi wiki mbili, uamke saa kumi na moja alfajiri kwa masifu, sala zetu za asubuhi, halafu twende shamba, utajijua.

Mengine nayataja tu. Bruda haungamishi wala haadhimishi misa. Frateri anayesomea upadre ni mwingine, msituchanganye. Eti ataoa baadaye, hapana, nadhiri za muda huwa miaka 3 mpaka 6 halafu zinakuja za daima, useja ni ule ule. Eti hawajasoma, wakati wapo manesi, wahasibu na walimu. Na mshahara wa bruda aliyeajiriwa unaingia mfuko wa jumuiya, kwa hiyo ukimwomba akuongezee ada ya mtoto akakwambia hana, mwamini, hana kweli.